Alama za Tovuti Zilitoka Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ninapomfundisha mtu kutumia kompyuta, somo hukwama kwenye vipicha. Anauliza hiki ni nini, namjibu ni disketi, naye anauliza tena: disketi ndiyo nini? Maswali ya hapa ndiyo yanayorudi darasani, pamoja na machache ya wale wanaojitengenezea tovuti. Ruka hadi swali lako. Majibu yanapogusana nimeelekeza.

## Mambo ya mwanzo

Kwa nini vipicha hivi vinaitwa aikoni?

Neno lina asili ya Kigiriki, eikon, yaani sura au taswira, na kwa karne nyingi lilitumika zaidi kwa picha takatifu za makanisa ya Kiorthodoksi. Aliyelileta kwenye kompyuta ni David Canfield Smith, katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1975 pale Chuo Kikuu cha Stanford. Baadaye alifanya kazi katika kampuni ya Xerox, akawa mmoja wa waliobuni kompyuta ya Star, ambayo itatajwa sana hapa chini. Ukisema alama, kipicha au aikoni utaeleweka. Mimi mwenyewe huchanganya.

Zilianzia kwenye kompyuta gani?

Nyingi tunazozijua zina ukoo na Xerox Star 8010, iliyotoka mwaka 1981. Skrini yake ilikuwa na kurasa, mafaili na vikapu vya barua zinazoingia na zinazotoka, vyote vimechorwa. Bei yake ilizidi dola 16,000, kwa hiyo wachache waliigusa. Apple ndiyo iliyoufikisha mtindo huu kwa watu wengi zaidi, kwanza kwa Lisa ya mwaka 1983, kisha kwa Macintosh ya mwaka 1984.

Jambo moja husahaulika. Star ilijengwa kwa ajili ya mfanyakazi wa ofisi ya Kimarekani, kwa hiyo waliojenga walimchorea vitu alivyokuwa navyo mezani. Sisi wengine tulirithi meza ya mtu ambaye hatukuwahi kumtembelea. Mwanafunzi aliyeanzia kwenye simu ya mkononi hajapata kukaa katika ofisi hiyo, na hapo ndipo maswali yanapoanzia.

Kwa nini zilichorwa kwa mistari michache namna ile?

Uhaba wa nukta, vile vidoti vidogo vinavyounda picha kwenye skrini. Kipicha cha nukta 16 kwa 16 kina nukta 256 basi, na katika mashine za mwanzo kila nukta ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe. Hakuna kijivu, hakuna kivuli.

Susan Kare, aliyechora aikoni za Macintosh, alikuwa na nafasi pana kidogo: 32 kwa 32, yaani nukta 1,024. Alikuwa msomi wa sanaa, hakutoka kwenye uhandisi. Alianza kwa kununua daftari la karatasi ya miraba na kujaza mraba mmoja mmoja kwa mkono, na amesema kazi ile ilimkumbusha mozaiki na nakshi za sindano. Kwetu mtu wa kumwelewa haraka ni msukaji wa mikeka ya rangi. Ukili haukubali mviringo. Ukitaka ua, utalipanda kwa ngazi, na jicho la mtazamaji ndilo litakalolizungusha.

Je, kila alama ina mbunifu anayejulikana?

Hapana, na uwe na shaka na orodha zinazoitajia kila moja baba yake. Nyumba ya ukurasa wa mwanzo ilikuwa tayari kwenye vitufe vya Netscape, kivinjari cha zamani (programu ya kufungulia tovuti), katikati ya miaka ya 1990. Kioo cha kukuzia kama alama ya kutafuta kilisaidiwa na Apple mwaka 1998, ilipotoa programu ya utafutaji iitwayo Sherlock, yenye picha ya kofia ya mpelelezi na lenzi yake. Lakini lenzi ni kitu cha kale, na mchoraji yeyote angeweza kuifikia bila kumwiga mwenzake.

## Alama za kila ukurasa

Vile vistari vitatu vya kufungulia menyu vilibuniwa na nani?

Norm Cox, kwa ajili ya ile Xerox Star. Wengi hudhani ni kazi ya Facebook au ya watengeneza simu, kwa kuwa ndiko walikoviona kwanza.

Cox aliambiwa achore kitu cha kumjulisha mtumiaji kwamba nyuma ya hapa kuna orodha. Akachora orodha yenyewe: mistari mitatu, mmoja juu ya mwingine, kama mambo yaliyopangwa. Alitaka kisomeke upesi kama alama ya barabarani. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba alikuwa na nukta chache mno, na kwamba walizoea kuwatania wateja kuwa ni tundu la hewa la kupoza dirisha. Jina la hambaga lilikuja baadaye sana, kutoka kwa watu waliouona mkate wenye nyama katikati. Darasani kwangu hakuna anayesema hambaga. Ni "bonyeza vile vistari vitatu".

Mbona vilipotea miaka mingi kisha vikarudi?

Skrini zilikua, menyu zikaandikwa kwa maneno, kazi ikaisha. Simu za mguso zilipoingia, nafasi ikawa haba tena, na kati ya mwaka 2009 na 2010 programu za simu zikavifufua. Tazama pia swali la mistari michache hapo juu.

Kwa nini kishale cha kipanya kimelala upande?

Hakikulala tangu mwanzo. Douglas Engelbart alipoonyesha kipanya hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, kishale chake kilisimama wima. Watu wa Xerox ndio waliokilaza, kwa sababu ileile ya nukta: kwenye skrini duni, kishale chembamba kilichosimama wima hakikuonekana vizuri. Ukikilaza, ubavu mmoja unakuwa mstari ulionyooka na wa pili unashuka kwa nyuzi 45, michoro miwili ambayo hata skrini mbovu inaiweza. Skrini za leo zingeweza kukisimamisha tena, lakini mikono imeshazoea.

Kipicha kidogo kilicho kwenye kichupo cha kivinjari kinatoka wapi?

Kilianza na Internet Explorer 5, Machi 1999, kazi ya mwanaprogramu Bharat Shyam wa Microsoft. Wakati huo hakikuwa na habari na vichupo. Kilipamba orodha ya kurasa ulizozihifadhi kama vipendwa, na ndiyo maana faili linaitwa favicon.ico.

Hapo palikuwa na kaupenyo. Kivinjari kiliomba faili hilo mtu anapouhifadhi ukurasa, kwa hiyo mwenye tovuti aliyehesabu maombi hayo aliweza kukisia ni wangapi wameipenda tovuti yake. Leo vivinjari huliomba bila kujali kama umeuhifadhi ukurasa au la. Ukikuta daftari la seva yako, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, limejaa makosa ya 404 (faili halikupatikana) ya favicon.ico, hujavamiwa, hukuweka kipicha tu.

Kufuli lilimaanisha nini, na mbona Chrome imeliondoa?

Kabla ya kufuli palikuwa na ufunguo. Netscape Navigator ya miaka ya 1990 ilichora ufunguo kwenye kona ya chini: ukiwa umevunjika, mawasiliano yako hayajafichwa, ukiwa mzima, yamefichwa. Hata meno yake yalihesabika. Meno mawili yalikuwa usimbaji (ufichaji wa ujumbe) imara wa biti 128, jino moja ule dhaifu wa biti 40. Sababu ya kuwepo kwa ule dhaifu ni sheria za Marekani, ambazo wakati huo ziliweka usimbaji imara kundi moja na zana za kivita na kuzuia usiuzwe nje ovyo. Kwa hiyo mtumiaji wa nje ya Marekani aliweza kuisoma siasa ya nchi nyingine kwenye jino la ufunguo. Sijui alama nyingine iliyosema mengi hivyo kwa nukta chache hivyo. Kufuli likachukua nafasi, likieleweka upesi zaidi na kusema machache zaidi.

Tatizo likawa kwamba lilieleweka vibaya. Kufuli linamaanisha kuwa njia kati yako na tovuti imefichwa. Halisemi lolote kuhusu mwenye tovuti, na tapeli naye anaweza kuificha njia yake. Google ilifanya utafiti mwaka 2021 ikakuta ni asilimia 11 tu ya washiriki walioielewa maana yake sawasawa. Ndipo mwezi Septemba 2023, kwa toleo la 117, Chrome ikaweka vitelezi viwili vidogo mahali pa kufuli. Ukitaka kujilinda, soma herufi za anwani moja moja kabla ya kuweka namba ya siri.

Na ile alama ya kushiriki, nukta tatu zilizounganishwa?

Alex King aliichora mwaka 2006: jambo moja likigawanyika kwenda kwa wawili. Simu za Android ziliizoesha watu. Apple ina yake, kisanduku chenye mshale unaotoka juu, na ndiyo maana mtu akihama simu hukaa siku mbili akiitafuta.

## Vitu vilivyokufa, picha zikabaki

Disketi ni nini hasa?

Ni bamba la plastiki lenye kisahani chembamba cha sumaku ndani yake. IBM ilitoa la kwanza mwaka 1971, likiwa na upana wa inchi 8. Lile unaloliona kwenye kitufe cha kuhifadhi ni la inchi 3.5, lililoletwa na Sony mwanzoni mwa miaka ya 1980: gamba gumu, kifuniko cha chuma, na nafasi ya kubandika karatasi yenye jina. Aina iliyoenea ilibeba megabaiti 1.44. Picha moja ya simu yenye megabaiti 3 ingedai disketi tatu, nayo ingekatwa vipande kwanza.

Waliotumia intaneti kafe za zamani wanaikumbuka shida yake. Unaandika barua ya kuomba kazi kwenye kompyuta hii, unaipeleka kuchapwa kwenye ile, na ile inakwambia disketi haisomeki. Nilijifunza kubeba mbili zenye barua ileile, na bado kuna siku zote mbili ziligoma.

Programu za ofisi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 ziliichora kwenye vitufe kwa sababu ndiko kazi yako ilikokwenda hasa. Sony iliacha kuziuza Japani mwezi Machi 2011. Kitufe hakikupata taarifa.

Kwa nini alama ya simu bado ni mkono wa simu ya mezani?

Kwa sababu simu ya leo ni mstatili, na mstatili unaweza kuwa chochote: mlango, kitabu, kioo. Mkono wa zamani una umbo ambalo halifanani na kingine.

Anayeona ajabu hii aisikilize lugha yake. Neno simu limetoka kwenye sim ya Kiajemi, maana yake waya. Kila ukisema simu yako haina waya unatamka waya mara mbili, na hakuna anayecheka.

Pembetatu ya kuchezesha video inaelekeza wapi?

Inaelekeza kanda inakokwenda. Alama hii ilienea na mashine za kanda za miaka ya 1960, na kwenye kaseti utepe husafiri kutoka kushoto kwenda kulia. Pembetatu mbili ni kwenda kasi, zikigeuzwa ni kurudisha nyuma. Sisi tuliokuwa tukihurumia betri za redio tulirudisha kwa kalamu ya Bic. Umuhimu wa kanda katika alama hii utarudi kwenye swali la mwisho.

## Alama zilizozaliwa kabla ya kompyuta

Je, @ ilibuniwa kwa ajili ya barua pepe?

Hapana, ilikuwa sokoni karne nyingi kabla. Kuna barua ya mfanyabiashara wa Kiitalia, Francesco Lapi, aliyoiandika Seville tarehe 4 Mei 1536, ambamo alama hii inasimama badala ya amfora, mtungi uliokuwa kipimo cha mvinyo. Baadaye wafanyabiashara wa Kiingereza waliitumia kwa bei ya kila kimoja.

Matumizi hayo bado tunayo. Fungua kitabu cha risiti cha duka lolote la vifaa vya ujenzi hapa kwetu: idadi, maelezo, @, shilingi, senti. Mwenye duka anaiandika kila siku, na hamtaji mtu wa barua pepe hata mara moja.

Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN huko Cambridge, Massachusetts, aliihitaji mwaka 1971 alipotuma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti. Alitafuta kitu cha kutenganisha jina la mtu na jina la mashine, kisichoonekana ndani ya jina la mtu yeyote, na @ ilikuwa pale kwenye kibodi, tena kwa Kiingereza ikisomwa "at", yaani "mahali fulani". Mashine zenyewe zilikuwa chumba kimoja, ubavu kwa ubavu. Waitaliano huiita konokono, Waholanzi mkia wa nyani.

Na # ya hashtegi?

Hii pia ni ya mizani. Warumi walipima kwa libra pondo, waandishi wakaifupisha lb na kuikata kwa mstari juu, na mkono wa haraka ukaifanya # kadiri miaka ilivyokwenda. Kampuni ya simu ya Bell iliiweka kwenye vitufe vya simu vya miaka ya 1960, pamoja na nyota, ili simu iweze kuzungumza na mashine.

Tarehe 23 Agosti 2007, Chris Messina alipendekeza itumike kukusanya mazungumzo kwenye Twitter. Kampuni haikuvutiwa, watumiaji walianza wenyewe, nayo ikawafuata mwaka 2009.

Kwa Kiswahili alama hii imepata jina zuri kuliko yote niliyowahi kusikia. Mtu akikusomea *150*00# ya M-Pesa ya Tanzania, atamalizia na "reli". Mataruma yanaonekana kabisa.

Moyo na nyota vilibadilishana lini?

Twitter iliacha nyota ikachukua moyo mwezi Novemba 2015, ikisema nyota iliwachanganya wageni. Kidole gumba cha Facebook ni cha zamani zaidi, Februari 2009, na kabla ya hapo wahandisi walikiita kitufe cha "safi sana". Habari za mahakimu wa Kirumi kunyanyua gumba ili kuokoa mpiganaji uziache. Picha hiyo imetokana zaidi na mchoro wa Jean-Léon Gérôme wa mwaka 1872 kuliko Roma yenyewe.

## Maswali ya pembeni

Alama ya kuwasha ni herufi gani?

Si herufi. Ni 1 na 0: moja kuwasha, sifuri kuzima. Mduara uliokatwa juu na kupenywa na mstari, kwa viwango vya kimataifa vya umeme vya miaka ya 1970, ulimaanisha kifaa kimesinzia tu, hakijazimwa kabisa.

Je, ni kweli Bluetooth ni jina la mfalme?

Ni kweli: Harald wa Denmark wa karne ya 10, aliyeitwa Jino la Buluu. Jim Kardach wa Intel alilipendekeza mwaka 1997 kama jina la muda, maana mfalme huyo aliunganisha watu kama teknolojia itakavyounganisha vifaa. Majina rasmi yaliyokusudiwa yakakwama kwa masuala ya alama za biashara, la muda likabaki. Alama ni herufi zake mbili za mwanzo katika runi, herufi za kale za Skandinavia, H na B, zimebebana.

Kile kiua cha kwenye kibodi za Apple, ⌘, ni nini?

Mwanzoni palikuwa na tufaha. Steve Jobs alipoona matufaha yamejaa kwenye menyu alilalamika kuwa nembo inachakazwa, ikabidi Susan Kare atafute mbadala. Aliupata kwenye kamusi ya alama: kibao cha Sweden kinachomwonyesha msafiri mahali pa kutazama. Fundo hilo limechongwa pia kwenye jiwe la kale la kisiwa cha Gotland.

Naweza kuzitumia bure kwenye tovuti yangu?

Wazo la lenzi, nyumba au vistari vitatu halina mwenyewe. Mchoro mahususi unaye, kwa hiyo chukua kwenye mkusanyiko wenye leseni wazi. Aikoni za Material za Google, kwa mfano, ziko chini ya leseni ya Apache 2.0 na zinaruhusu hata biashara. Alama za kampuni na vyama ni jambo jingine: ile ya Bluetooth ni alama ya biashara iliyosajiliwa.

Niiondoe disketi, niweke kitu cha kisasa?

Mimi ningeiacha. Rejea jibu la mkono wa simu: watu wanaisoma kama neno, hawatafuti kilichomo ndani. Nimeona tovuti zilizoweka wingu lenye mshale, na wanafunzi wangu wakauliza kama wanapakia au wanapakua. Ukiwa na nafasi, andika "Hifadhi" pembeni.

Tovuti yangu ina ukurasa wa Kiarabu kwa wasomaji wa Oman. Je, nizigeuze alama zote?

Usizigeuze zote. Mshale wa kurudi unageuka, kwa sababu msomaji wa Kiarabu anarudi kulia. Vistari vya orodha yenye vidoti vinageuka pia. Saa haigeuki, mishale yake inazunguka upande mmoja Muscat na Mombasa. Pembetatu ya kuchezesha nayo haigeuki, na miongozo ya usanifu ya Google inatoa sababu waziwazi: inaonyesha mwelekeo wa kanda, hata kama hakuna kanda tena ndani ya mashine.